Uzi maalum: Kuvuka Bahari ya Kusini kwa boti ya mashindano ukiwa mtu wa kawaida

Mwana Pangani

Wakuu, salaam. Kila zile video za boti za matanga zilizolala ubavu kwenye mawimbi zikisambaa, maswali huwa ni yale yale: hawa watu ni kina nani, wanalipwa kiasi gani, wanalala wapi. Mimi nimepanda. Ni fundi umeme, naishi kusini mwa Uingereza, na nilishiriki kipande cha Cape Town hadi Fremantle, Australia, kwenye mbio za Clipper, yaani mbio za boti za matanga za kuizunguka dunia. Nitaeleza kwa vipande, na mwenye swali aulize humu humu, nitajibu nikitoka kazini.

Nianze na mbio zenyewe ili twende pamoja. Mwanzilishi wake ni Sir Robin Knox-Johnston, Mwingereza ambaye mwezi wa Aprili 1969 alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga bila kutia nanga popote. Alikaa baharini siku 312 ndani ya Suhaili, boti ya futi 32 iliyoundwa Bombay. Mwaka 1996 akaanzisha mbio hizi kwa ajili ya watu ambao bahari si kazi yao. Boti zote zinafanana, futi 70, mchoro wa Tony Castro, na matanga ni ya aina moja kwa wote, kwa hiyo hakuna anayeshinda kwa sababu amenunua chombo bora kuliko mwenzake. Kila chombo kina nahodha mwenye vyeti na msaidizi wake. Wengine wote, kama watu 20 hivi, ni sisi: walimu, manesi, wastaafu, wanasheria, wanafunzi. Mzunguko mzima ni maili 40,000 za baharini hivi, takriban miezi 11, umegawanywa vipande vinane. Unaweza kuchukua kimoja au vyote.

Na hapa ndipo wengi wanaposhtuka: hulipwi. Unalipa wewe. Mzunguko mzima unazidi pauni 40,000, ndiyo maana wengi wetu huchukua kipande kimoja.

Kibwana wa Mzizima

Mkuu, hapo kwenye kulipa nimerudia kusoma. Hela hiyo mtu anajenga nyumba na kuhamia. Sasa huu si mchezo wa matajiri tu? Na mtu ambaye hajawahi kushika kamba anapelekwaje kwenye bahari ile?

Mwana Pangani

Kibwana, swali la haki kabisa. Matajiri wapo. Kwenye chombo chetu alikuwepo pia nesi aliyekopa benki, na mzee aliyeendesha malori maisha yake yote akatoa kiinua mgongo chake. Mimi nilifanya kazi za wikiendi kwa muda mrefu kabla ya kulipia kipande kimoja. Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni rahisi. Gharama ndiyo kasoro kubwa ya mbio hizi kwa mtazamo wangu, maana vijana wa Nungwi, Lamu na Kilwa wangeyaweza haya kuliko wengi niliosafiri nao, na wanabaki nje kwa sababu ya hela tu.

Kuhusu kutojua kitu: waandaaji wenyewe wanasema karibu asilimia 40 ya washiriki hawajawahi kusafiri kwa tanga kabla ya mafunzo. Mafunzo yana ngazi nne na hakuna wa kuruka hata moja. Mengi yanafanyika Gosport, ng'ambo ya maji tu kutoka Portsmouth. Mnaanza na vitu vidogo: kufunga fundo macho yamefungwa, kuzungusha winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, bila kuuacha mkono karibu na ngoma yake, kutweka na kushusha tanga mpaka amri ya nahodha isimkute mtu akiuliza "ipi?" Kisha mnapelekwa nje mkalale huko, mshike zamu za usiku kwenye baridi ya Mlango wa Kiingereza. Ngazi ya mwisho mnakuwa na nahodha wenu na wenzenu wa mbio zenyewe.

Nimekulia Pangani, upepo naujua tangu utoto. Kilichokuwa kigeni kwangu ni wingi wa kazi ya kundi. Ngalawa ina tanga moja na watu wawili watatu wanaoelewana kwa jicho. Huku tanga kuu peke yake watu wanne wanalitweka kwa jasho, na tanga la mbele linabadilishwa kila upepo ukipanda au ukishuka. Kubadilisha tanga la mbele ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mko watu watano mmepiga magoti omo, yaani mbele kabisa ya chombo, kila mmoja amejifunga kwa kamba yake, mnalivuta chini tanga zito lililolowa. Mmoja anatazama mbele. Akipiga kelele "wimbi!" kila mtu anajikunja na kushika alichokuwa karibu nacho. Maji yanakupita juu ya kichwa, unayasikia yakikimbia kuelekea tezi, yaani nyuma, kisha mnainuka na kuendelea na klipu ile ile mliyokuwa mnaifungua.

Tunda la Mbuyu

Nimekaa pale. Endelea mkuu, usituache njiani kama nyuzi nyingine.

Mwana Pangani

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lililobeba safari yote: zamu.

Watu mnagawanywa makundi mawili. Mchana zamu moja inachukua muda wa saa sita, usiku muda wa saa nne. Kundi moja liko juu, jingine liko chini. Ukijumlisha ni zamu tano kwa siku, na kwa kuwa tano haigawanyiki kwa mbili, ratiba inajigeuza yenyewe: leo umeshika usiku wa manane, kesho saa hizo umelala. Hakuna Jumapili, hakuna sikukuu, na haijalishi kama mna matumaini ya ushindi au mko wa mwisho.

Kuamshwa ni nusu saa kabla. Anayekuja kukuamsha ana tochi nyekundu, maana taa nyeupe ingeharibu macho ya walioko juu gizani. Anakugusa mguu, anakwambia saa, anakwambia upepo ukoje, halafu anakwambia uvae nini. Hilo la mwisho usilidharau. Ukivaa pungufu utatetemeka saa nne nzima, ukizidisha utatoka jasho kwenye winchi kisha jasho lipoe mwilini.

Kuvaa nako ni kazi. Chombo kimelala ubavu digrii 30, na giza. Unakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, miguu imekanyaga upande wa pili. Unavuta suruali ya juu, ile isiyopitisha maji, mguu mmoja. Unangoja wimbi lipite. Mguu wa pili. Buti. Koti lenye shingo ya mpira inayokubana koo. Jaketi okozi, mkanda wake unaopita katikati ya miguu ili lisikupande kichwani ukianguka majini, halafu kamba ya kujifungia. Mkono wako unaipitia kila klipu hata kama jana uliipitia. Kabla kichwa chako hakijatoka mlangoni, ndoano ya kamba yako iwe tayari imeshika kwenye pete ya nje.

Juu kuna makabidhiano. Anayetoka kwenye usukani haondoki mpaka amesema mwelekeo wa dira, kasi ya upepo na unakoelekea kugeukia, matanga yaliyo juu, kamba iliyoanza kulika, meli iliyoonekana kwa mbali. Wewe unarudia kwa mdomo wako, anasikiliza, ndipo anaachia.

Wakuu, chombo kinachofanya vizuri kwenye mbio hizi ni kile ambacho watu wake wanapokezana kwa wakati. Mimi naliamini hilo kuliko nadharia zote za matanga. Ukichelewa dakika kumi, kuna mwenzako juu aliyekaa kwenye maji ya baridi saa nne na umemchukulia dakika kumi za usingizi wake. Naye kesho anachelewa kukupokea. Siku ya tatu hamsemeshani, siku ya tano mtu anaona kamba imelika na hasemi kwa sababu amechoka na amekasirika. Hivyo ndivyo tanga linavyochanika saa tisa za usiku. Kwetu kiongozi wa zamu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole, na hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa anatoka mlangoni dakika tano kabla ya saa, kila zamu, amevaa kamili. Baada ya wiki moja sote tulikuwa tunatoka dakika tano kabla.

Vitanda navyo ni vya kupokezana. Mkitoka nyinyi, wanaingia wao. Begi la kulalia ni lako, godoro ni la wote. Kitanda kina kamba na kapi upande mmoja, unakipandisha au kukishusha kulingana na chombo kilivyolala, usije ukamwagika sakafuni chombo kikigeuza. Chini kuna unyevu wa ajabu, pumzi za watu 20 zinageuka matone darini na yanakudondokea usoni. Maji yanayoingia yanashuka kwenye ngama, yaani chini kabisa ya chombo, na kuifua ngama kwa sifongo na ndoo ni kazi ya kila zamu.

Bint Vuga

Kaka yangu, asante kwa maelezo. Naomba kuuliza mambo ya staha kidogo. Wanawake wanakuwaje humo? Choo, kuoga, kubadilisha nguo? Na kama mtu ni Muislamu, sala na chakula cha halali vinawezekana?

Mwana Pangani

Dada, umeuliza vizuri, haya huwa hayaandikwi.

Vyoo ni viwili, vya kupampu, kwa watu wote. Kuoga kwa maana ya kuoga hakuna, ni vitambaa vyenye unyevu, na siku bahari imetulia ndoo ya maji ya chumvi. Kwa upande wa kubadilisha nguo, watu wanageuza nyuso bila kuambiwa. Wanawake kwetu walikuwa karibu theluthi, na kazi hazikugawanywa kwa jinsia: omo, usukani, winchi, jikoni, kila mtu. Wenye shaka nawakumbusha kwamba mbio za Clipper za 2017-18 zilishindwa na nahodha mwanamke, Wendy Tuck wa Australia, nahodha mwanamke wa kwanza kushinda mbio za matanga za kuizunguka dunia. Wa pili mwaka ule alikuwa mwanamke pia, Nikki Henderson. Na mwaka 2024 Maiden, chombo chenye mabaharia wanawake watupu, kilishinda Ocean Globe Race, mbio nyingine za kuizunguka dunia.

Sala inawezekana. Nilisali nimekaa, maana kusimama ilikuwa ni kumwangukia mtu. Kibla nilikitafuta kwa dira na chati, na hilo lilinipa raha ya pekee. Tukitoka Cape Town Makka iko kaskazini, imeegemea mashariki kidogo. Kadiri tulivyosonga mashariki ikawa inahama, kaskazini kabisa, kisha kaskazini-magharibi, na tulipoikaribia Fremantle nilikuwa naelekea magharibi zaidi kuliko kaskazini. Wenzangu walizoea, mpaka mmoja akawa ananiambia mwelekeo wa chombo umebadilika digrii ngapi kabla sijauliza. Uchovu ukizidi nilijumuisha sala mbili pamoja, ruhusa ya msafiri ipo.

Chakula ni zamu ya peke yake. Kila siku watu wawili, mmoja kutoka kila kundi, wanatolewa kazi za juu, wanapika na kusafisha kwa ajili ya wote, na usiku huo wanalala moja kwa moja. Usingizi ule ni zawadi, watu wanauhesabia siku. Jiko la gesi linaning'inia kwenye vishikizo, kwa hiyo chombo kikilala lenyewe linabaki wima na sufuria haimwagiki. Ukisahau ukaliegemea unajimwagia uji wa moto, na kuungua ni ajali ya kawaida zaidi baharini kuliko watu wanavyodhani. Vyakula vinafungashwa bandarini, begi moja kwa kila siku, na huruhusiwi kuchokonoa begi la kesho. Wiki ya kwanza kuna matunda na mboga mbichi, baada ya hapo ni mchele, pasta, maharage, dengu na samaki wa kopo. Nilijiandikisha kama asiyekula nyama na suala la halali likaisha. Mkate unaokwa humo ndani. Maji ya kunywa yanatoka baharini, kuna mashine inayoyatoa chumvi. Siku yangu ya jikoni niliwapikia maharage ya nazi ya unga na wali, na nikaombwa nirudie zamu iliyofuata.

Mla Mkunga, Mji wa Kale

Hujambo ndugu yangu. Mie natoka Mombasa. Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi ya Maskati, wakishuka na kaskazi, wakikaa hapa mpaka kusi iwashike warudi. Wao wakiungoja upepo. Nyinyi mwafuata upepo upi huko chini, na usiku mwaona nini mbele yenu?

Mwana Pangani

Shekhe, Mungu amrehemu babu yako. Kule hakuna kungoja. Kusini ya latitudo ya 40 hakuna nchi kavu ya kutosha kuuzuia upepo, kwa hiyo dhoruba zinapita kutoka magharibi kwenda mashariki, moja baada ya nyingine, mwaka mzima. Chombo kinataka kukaa upande wa kaskazini wa dhoruba ili upepo uwe nyuma yake. Kushuka kusini zaidi kunafupisha njia, maana dunia ni mviringo, lakini waandaaji wanaweka mpaka usiovukwa kwa sababu ya barafu.

Kila dhoruba ina tabia moja. Upepo unaanza kaskazini-magharibi, una uvuguvugu na mvua, unaongezeka. Halafu mstari wa mawingu unapita, na kwa dakika chache upepo unaruka na kuwa kusini-magharibi, baridi ya kukata. Mawimbi ya upepo wa kwanza bado yanatembea, ya upepo wa pili yanayakuta ubavuni, na bahari inachafuka kwa namna ambayo usukani unakuwa mzito mkononi. Hapo ndipo boti ya tani 30 na zaidi inapanda mgongo wa wimbi na kuteremka kwa kasi ya noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa. Kelele yake unaisikia kwa kifua.

Usukani ni wa mkono muda wote. Usiku wenye mwezi unaona kila kitu. Usiku wa mawingu huoni hata omo yako. Una taa ndogo za vipimo: pembe ya upepo, dira, kasi. Anayetazama vipimo tu anachelewa, maana namba zinakuja baada ya chombo kuwa kimeshageuka. Ukifundishwa vizuri unasikiliza upepo nyuma ya shingo. Ukihisi umehama kutoka sikio moja kwenda jingine, una sekunde chache za kurekebisha. Nyota zikiwepo unachagua moja juu ya mlingoti na kuiweka pale. Watu wa pwani mnalielewa hili bila maelezo.

Hatari kubwa ya upepo wa nyuma ni tanga kuu kuvuka upande wa pili bila kukusudia. Ule mti wa ulalo unaolishika kwa chini unafagia sitaha kwa nguvu ya kumuua mtu. Kuna kamba maalumu ya kuuzuia usivuke, lakini kamba hukatika. Kwa hiyo kuna sehemu ya sitaha ambayo hukai, hupiti bila ruhusa, na ukipita unapita umeinama na haraka.

Daktari wa Kata

Umegusia kuua. Nilisikia kuna watu wamefariki kwenye mbio hizi. Ni kweli? Naomba usitufichie.

Mwana Pangani

Ni kweli, na sitaficha. Tangu 1996 mpaka 2015 hakuna aliyekufa. Baada ya hapo walikufa watatu ndani ya miaka miwili na kidogo.

Septemba 2015, nje ya Ureno, mshiriki mmoja alipigwa tanga kuu lilipovuka bila kukusudia, hilo nililolieleza hapo juu. Aprili 2016, kwenye Pasifiki ya Kaskazini, mwanamama wa chombo hicho hicho alisombwa na wimbi. Hakuwa amejifunga wakati huo. Walimpata, wakajaribu kumrejesha uhai, haikuwezekana, na wakamzika baharini kwa sababu bandari ilikuwa mbali mno.

Wa tatu ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu yeye alikuwa amejifunga. Novemba 2017, Bahari ya Kusini, alikuwa omo wakishusha tanga la mbele, akatupwa nje. Kamba yake ilimshika. Wenzake wakawa wanahangaika kumrudisha ndani. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza waligundua kwamba ndoano ya kamba ilikuwa imenasa chini ya chuma cha sitaha, ikavutwa kwa ubavu, ikapinda na kuachia. Ndoano ile ina nguvu nyingi ikivutwa kwa urefu wake. Kwa ubavu haina. Walimpata baadaye akiwa amefariki.

Ndiyo maana kwenye mafunzo tuliambiwa kutazama kila mara ndoano imekaaje, kwa kidole kabisa, usiku unaipapasa: imelala sawa na inavyovutwa, hakuna chuma cha kuinasa. Na ufunge kamba fupi unapokaa sehemu moja, ile ndefu uitumie kutembea tu, ili ukianguka ubaki ndani ya chombo badala ya kuburutwa nje yake.

Hebu fikirieni hesabu hii. Chombo kikienda noti 10, kwa sekunde kumi kimeshakuacha mita 50. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya mita nne kinaonekana mara moja moja tu. Kushusha matanga, kuwasha injini na kurudi kunachukua dakika nyingi. Machi 2014, Pasifiki ya Kaskazini, mtu mmoja alikaa majini kama saa moja na dakika 40 na akaokolewa hai. Alikuwa na vazi lisiloingiza maji na kifaa cha kutoa ishara kilichowaelekeza wenzake. Wangekuwa wanamtafuta kwa macho peke yake nadhani wasingempata.

Nahodha wetu alikuwa na taratibu moja: mtu akionekana hajajifunga, haijalishi ni nani, yeyote anamwambia "ndoano" na anayeambiwa anajibu "asante". Hakuna maneno mengine. Niliwahi kumwambia nahodha mwenyewe, akasema asante na kujifunga.

Na kuna ajali ya chombo ambayo haikuua mtu. Mwisho wa Oktoba 2017 boti moja iliondoka Cape Town, na usiku ule ule ikapanda mwamba kwenye rasi kusini ya mji kwa kuukaribia mno ufuo. Watu wote waliokolewa na NSRI, shirika la uokoaji la watu wa kujitolea la Afrika Kusini, lakini boti haikupona. Tulipoipita sehemu ile tulikaa mbali nayo sana.

Kibwana wa Mzizima

Asante kwa ukweli. Pole kwa familia zao. Mkuu, nina maswali mawili mafupi: kichefuchefu, na paspoti yetu ya Bongo.

Mwana Pangani

Kichefuchefu: karibu kila mtu, siku mbili tatu za mwanzo, na kule Cape Town mnatoka moja kwa moja kwenye bahari kubwa, hamna nafasi ya kuzoea. Dawa inywewe kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kunywa maji kidogo kidogo, kula biskuti kavu, kaa juu utazame upeo, shika usukani ukiruhusiwa. Aliyezidiwa analazwa upande na ndoo yake, na wenzake wanambebea zamu bila kulalamika. Akipona analipa kwa kuwabebea wengine.

Paspoti: Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila visa kwa ziara fupi. Australia lazima uwe na visa mkononi kabla ya kung'oa nanga, kufika kwa boti hakukupunguzii chochote. Omba mapema sana, na upeleke barua ya waandaaji, ratiba ya kipande chako na tiketi ya ndege ya kurudi. Wakaguzi wa Australia wakiingia wanachukua matunda, mboga na chochote kibichi kilichobaki, hata udongo kwenye soli za viatu wanautazama.

Tunda la Mbuyu

Na corona iliwakuta wapi hawa?

Mwana Pangani

Machi 2020 mbio zilisimamishwa boti zikiwa Subic Bay, Ufilipino. Zilikaa pale miaka miwili. Machi 2022 watu wakarudi wakaziendeleza, zikamalizikia London Julai mwaka ule. Kuna waliolipia 2019 wakasafiri 2022, na kuna waliokuwa wameshauza nyumba na kuacha kazi. Yalikuwa machungu kwao.

Ngalawa ya Kojani

Shikamoo kaka. Mimi nina miaka 22, nipo Dar, nimetokea Pemba. Tanga nalijua, hela sina. Nianzie wapi?

Mwana Pangani

Marahaba mdogo wangu. Usianze na Clipper, anza na klabu zilizo karibu nawe. Dar es Salaam Yacht Club iko Msasani, kuna Tanga Yacht Club, na ukienda Kenya kuna Mombasa Yacht Club. Siku za mashindano wenye boti mara nyingi wanapungukiwa watu. Nenda mapema, ongea na wafanyakazi wa klabu, waambie unajua upepo na uko tayari kushika kamba yoyote. Wakikuchukua, fika kabla ya mwenye boti, na ukirudi uoshe na kukunja matanga bila kuambiwa. Utaitwa tena.

Wakati huo huo tafuta vyeti viwili vya mwanzo: huduma ya kwanza, na mafunzo ya msingi ya usalama wa mabaharia yanayotolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Hivyo vinakufungulia kazi za baharini hata kama mashindano hayatakuja. Fanya mazoezi ya mabega na mgongo, na Kiingereza cha amri za kamba ukijue kwa haraka, maana gizani hakuna mtu wa kukutafsiria.

Hatua ya pili ni Cape Town. Royal Cape Yacht Club ndiyo yenye mbio za Cape Town hadi Rio de Janeiro, zilizoanza 1971, zaidi ya maili 3,000 kuvuka Atlantiki ya Kusini. Wenye boti wa pale wengine huchukua watu kwa ujuzi na hawawatozi. Mtu aliyekwisha kushika usukani kwenye mkondo wa Pemba usiku wa kusi ana kitu cha kuwaeleza.

Niandikie inboksi namba ya ukubwa wa viatu vyako na urefu wako. Nina buti na suruali ya bahari ambazo sizitumii tena, na kuna mtu wetu anakuja Dar mwezi ujao. Orodha kamili ya nguo nitaipandisha hapa Jumapili.